Nzige Wekundu wa Bonde la Rukwa

Watu huijua Ivuna, katika Bonde la Rukwa nchini Tanzania, kwa chumvi yake, na wanasayansi huijua kwa kimondo kilichoanguka huko Desemba 1938. Miaka hiyo mashariki na kusini mwa Afrika kulikuwa na balaa jingine la angani: makundi ya nzige wekundu, yaliyoanza kuenea karibu mwaka 1930 na hayakuisha mpaka 1944. Wakulima walipiga madebe, wakawasha moshi, wakachimba mitaro ya kufukia tunutu. Mtama na mahindi vililiwa vilevile.

Chimbuko mojawapo la balaa hilo lilikuwa hapo hapo jirani. Ziwa Rukwa halina mto wa kutolea maji, hivyo hupanuka na kusinyaa kufuata mvua. Maji yakirudi nyuma huacha mbuga zenye majani marefu, majani mafupi na udongo mtupu pamoja, na nzige mwekundu anavihitaji vyote: majani ya kulala na kula, udongo wazi wa kutagia mvua zinapoanza. Wakiwa wachache, kila mmoja huishi kivyake kama panzi. Wakisongamana hubadilika rangi na tabia, wakaondoka kwa makundi. Mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alieleza mageuzi hayo mwaka 1921, na tangu hapo wataalamu wakaanza kutafuta mahali makundi yanapozaliwa.

Mwaka 1949 ulitiwa saini London mkataba wa kuunda shirika la kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi: kupita mbugani na kukadiria nzige wanaoruka. Mwanaikolojia wa shirika hilo, Desmond Vesey-FitzGerald, alichunguza majani ya Rukwa kwa miaka, na kwangu kazi hiyo inazidi ile ya kuwanyunyizia nzige sumu. Sumu zenyewe, dieldrin ikiwemo, zilikuwa kali mno kwa bonde lenye samaki, ndege na wanyama wengi kiasi kile.

Mwaka 2009 nzige waliongezeka tena bondeni. Safari hii FAO na shirika lililorithi kazi ya lile la 1949 walinyunyiza kuvu inayoua nzige bila kudhuru viumbe wengine. Lakini kuvu huchukua wiki moja hadi tatu kuua. Haimfai mkulima ambaye nzige wameshatua shambani kwake. Ni lazima mkaguzi awe amepita mbugani kabla.