Shura, Magadi na Mbuga: Habari za Ardhi ya Chumvi, Majina Yake na Ramani Zake

Katika lugha yetu liko neno dogo ambalo siku hizi halisikiki sana, nalo ni shura. Wazee wa pwani walilitumia kwa ile chumvi itiwayo katika baruti. Neno hili lisichanganywe na shura ya Kiarabu, iliyo ndugu wa shauri na mashauri. Hili jingine asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni chumvi itokayo ardhini na kuufanya udongo kuwa mweupe. Twalileta mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa limebeba habari ndefu kuliko herufi zake: habari ya jinsi watu walivyoijua ardhi iliyoharibiwa na chumvi, wakaipa majina, wakaigawa mafungu, na mwisho wakaichora kwenye ramani. Katika habari hiyo tutaona mambo mawili. La kwanza, majina mengi ya wataalamu yalitoka kinywani mwa wakulima. La pili, katika jambo hili kukosea jina ni kukosea dawa, na akoseaye dawa hupoteza shamba.

Kwanza tueleze jinsi chumvi iingiavyo katika ardhi. Maji yote ya mito na visima yana chumvi kidogo, hata yale tuyaitayo matamu. Mahali penye mvua nyingi, maji hushuka chini na kuichukua chumvi mpaka mitoni na baharini. Lakini mahali penye jua kali na mvua haba, maji ya chini hupanda juu kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Yafikapo juu hukauka, na chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki. Mwanadamu naye huweza kulizidisha jambo hili. Akileta maji shambani kwa mifereji, asitengeneze njia ya kuyatoa, maji ya chini huinuka mwaka hata mwaka, na pamoja nayo huinuka chumvi. Hivyo shamba lililofunguliwa kwa maji huweza kufungwa kwa maji yale yale.

Nchi ya kwanza kutajwa katika mambo haya ni Iraki, kati ya mito ya Frati na Hidekeli. Mwaka 1958 wataalamu wawili, Thorkild Jacobsen na Robert McC. Adams, waliandika kwamba katika kusini ya nchi ile kilimo cha ngano kilipungua kwa karne nyingi, na mahali pake pakashikwa na shayiri, kwa sababu shayiri huvumilia chumvi kuliko ngano. Wako wengine waliowapinga baadaye, wakisema kubadili mbegu huweza kuwa na sababu nyingine. Hata hivyo hakuna abishaye kwamba wakulima wa kale wa nchi ile waliijua ardhi ya chumvi na kuiogopa.

Katika nchi hiyo hiyo, karibu na Basra, neno shura linakutana na habari za Waafrika. Katika karne ya 9 matajiri wa Basra walikuwa na mashamba makubwa yaliyofunikwa na gamba la chumvi. Ili kuupata udongo mzuri uliokuwa chini, waliwatia watumwa kazi ya kulichimba gamba lile na kulirundika vilima vilima. Kazi ilifanyika kwa makundi makubwa, katika jua na mabwawa yenye homa. Mwanahistoria al-Tabari, aliyeishi wakati ule, anawataja wafanya kazi wa mashamba hayo kwa jina la shurajiyun, yaani watu wa shura. Na wengi wao waliitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu weusi wa upande wetu wa Afrika, na ambalo mpaka leo limo ndani ya jina la Zanzibar. Hatusemi kwamba kila mmoja wao alitoka katika pwani hii, maana waliletwa kutoka nchi nyingi. Mwaka 869 waliasi chini ya kiongozi aliyeitwa Ali bin Muhammad, wakajenga mji wao, wakaiteka Basra mwaka 871, na vita havikwisha mpaka mwaka 883.

Basi na tukumbuke hili tusomapo vitabu vya elimu ya udongo. Kabla ya mtaalamu yeyote kulipima gamba la chumvi kwa mizani, wako watu waliolipima kwa migongo yao. Wao walijua linapokuwa nene na linapokuwa jembamba, na udongo gani umelala chini yake. Lakini hakuna ramani yenye majina yao.

Tuje sasa kwenye nyakati za karibu. Mwaka 1875 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Eugene W. Hilgard, alifika California, Marekani, kufundisha katika chuo kikuu cha Berkeley. Huko aliwakuta wakulima wakilalamika juu ya ardhi waliyoiita ya alkali. Tena walikuwa wameigawa aina mbili kwa macho tu: alkali nyeupe na alkali nyeusi. Hilgard hakuyadharau maneno yao. Aliupima udongo akaona kwamba alkali nyeupe ni chumvi ya kawaida pamoja na salfeti. Lakini alkali nyeusi ni magadi, nayo huyeyusha mboji iliyomo katika udongo mpaka maji yake yakawa meusi. Akawafundisha kuitia jasi ardhi ya magadi, kwa kuwa jasi huyabadili magadi yakawa chumvi isiyo kali sana. Hivyo mgawanyo wa wakulima ulithibitishwa na maabara.

Urusi ilikuwa vivyo hivyo. V. V. Dokuchaev, ambaye kitabu chake juu ya udongo mweusi kilitoka mwaka 1883, alifundisha kwamba udongo si mawe yaliyosagika tu, bali ni kitu chenye maisha yake, kilichozaliwa na mwamba, hali ya hewa, mimea, umbo la nchi na wakati. Yeye na wanafunzi wake walichukua maneno ya wakulima wa Urusi wakayafanya ya elimu. Wakulima walisema solonchak kwa ardhi yenye chumvi juu yake, na solonets kwa ardhi ngumu ipasukayo kama nguzo ndogo ndogo chini ya uso wake. Baadaye K. K. Gedroits alieleza sababu ya tofauti hiyo. Katika solonchak chumvi iko huru ndani ya maji ya udongo. Katika solonets chumvi imekwisha kuoshwa, lakini sodiamu yake imeng'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi. Chembe hizo, zikisha kushikwa na sodiamu, hukataana. Mvua inyeshapo hutawanyika na kuziba kila tundu, na jua liwakapo hukauka zikawa kama tofali.

Hapa ndipo palipo na hatari tuliyoitaja. Mtu mwenye ardhi ya chumvi tupu, akiiosha kwa maji mengi na kuyatoa kwa mifereji, ataiponya. Lakini mtu mwenye chumvi na sodiamu pamoja, akifanya vivyo hivyo, ataiondoa chumvi iliyokuwa ikizishika chembe zisitawanyike, na sodiamu itabaki. Ardhi itajifunga, isipitishe maji wala mizizi. Huyu imempasa atie jasi kwanza, ili kalsiamu iingie mahali pa sodiamu, kisha ndipo aoshe. Mashamba mawili huweza kufanana kwa weupe, na dawa ya moja ikawa sumu ya jingine.

Kwa sababu hiyo ilitakiwa kanuni ya vipimo. Maabara ya chumvi iliyoanzishwa Riverside, California, mwaka 1937, ilitoa mwaka 1954 kitabu kilichohaririwa na L. A. Richards, na mgawanyo wake umetumika katika nchi nyingi. Udongo huloweshwa mpaka ushibe maji, kisha maji yake hukamuliwa na kupimwa jinsi yanavyopitisha umeme, maana maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Kipimo kikizidi 4 (leo twasema desisiemensi 4 kwa mita), ardhi ni ya chumvi. Sodiamu iliyoshikamana na chembe ikizidi 15 katika kila 100, ardhi ni ya sodiamu. Vikizidi vyote viwili, ni ya chumvi na sodiamu pamoja. Katika ardhi ya sodiamu isiyo na chumvi, kile kipimo kiitwacho pH kwa kawaida huzidi 8.5.

Je, katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki? Hapa jina la kukumbukwa ni Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 1936 ilitoka ramani yake ya kwanza ya udongo wa Afrika ya Mashariki, kwa kipimo cha 1 kwa 2,000,000, ikiwa kazi yake pamoja na wataalamu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Alikutana na shida ambayo kila mchora ramani huijua. Mtu ashukapo kilimani mpaka bondeni hukanyaga udongo wa namna nne au tano katika mwendo mfupi; nao hurudi tena katika kilima cha pili na cha tatu. Katika ramani ndogo hapana nafasi ya kuuonyesha kila mmoja. Basi mwaka 1935 Milne alitoa neno la Kilatini catena, yaani mnyororo: usichore kila pete, bali chora mnyororo mzima, na ueleze pete zake kwa utaratibu.

Mnyororo huo unatusaidia kuielewa chumvi pia. Maji ya mvua huteremka kutoka juu na kuyachukua yale yayeyukayo; yaliyotoka kwa wa juu humfikia wa chini. Chini kabisa iko mbuga, yenye udongo mweusi uvimbao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Neno mbuga limeingia hata katika maandiko ya Milne, kwa kuwa halikuwako neno la Kiingereza lililotosha. Tena Wasukuma walikuwa na mnyororo wao kabla ya Milne kuja: luseni ni udongo wa mchanga wa juu, itogolo na ibambasi ni udongo wa miteremko ya chini wenye tabaka gumu, kisha mbuga. Mkulima wa Kisukuma aisikiapo ibambasi hahitaji kuambiwa kwamba jembe litagonga.

Na magadi je? Kila mpishi wa maharagwe na kila mvutaji wa ugoro ayajua. Katika bonde la ufa, kwenye ziwa Magadi na ziwa Natron, yametanda kwa wingi usiohesabika, na mlima Ol Doinyo Lengai ulio karibu hutoa lava yenye magadi, jambo lisiloonekana katika volkano nyingine iliyo hai duniani. Lakini kile kilicho kitoweo jikoni ni adui shambani. Ndiyo ile alkali nyeusi ya Hilgard.

Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ya ramani ilikuwa ya mataifa mengi pamoja. Mwaka 1961 FAO na UNESCO walianza ramani ya udongo wa dunia nzima, kwa kipimo cha 1 kwa 5,000,000, na karatasi zake zilichapishwa kati ya 1971 na 1981. Ndani yake maneno ya wakulima wa Urusi, solonchak na solonets, yaliwekwa kuwa majina ya ulimwengu wote. Mwaka 2021 FAO ilitoa ramani ya ardhi za chumvi peke yake, iliyotengenezwa na wataalamu wa nchi 118, kila nchi ikichora sehemu yake. Na mwezi wa Desemba 2024 ilitangaza hesabu ya hekta milioni 1,381 zilizoguswa na chumvi, yaani karibu sehemu 11 katika kila 100 za nchi kavu. Siku hizi picha za setilaiti husaidia sana. Lakini picha huonyesha uso tu, na sodiamu iliyojificha chini haionekani mpaka shimo lichimbwe.

Basi twamalizia tulipoanzia. Ramani nzuri hazikuanza na kalamu. Zilianza na mtu aliyeonja udongo, akatazama majani yaotayo juu yake, akalipa jina lile alilolijua. Hilgard aliwasikiliza wakulima wa California, Dokuchaev wakulima wa Urusi, Milne wenyeji wa bara. Ingefaa wasomaji wetu, kila mtu kwao, wayaandike majina ya udongo wanayoyajua wazee, pamoja na kile kiotacho na kisichoota juu yake, kabla majina hayo hayajasahauliwa kama shura ilivyosahauliwa. Maana mchora ramani atakapokuja na vyombo vyake, swali lake la kwanza litakuwa ni wapi achimbe, na jibu la swali hilo limo katika majina hayo.