Namba Iliyoandikwa Kwenye Boksi

Jumanne moja usiku mdogo wangu alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Kulikuwa na orodha ya vifaa vya kompyuta, kila kimoja na bei yake pembeni, na chini kabisa swali: "Dada, hii itabeba gemu za sasa?"

Fedha ilikuwa ya mama. Mwezi ule zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika. Wako wanawake kumi na wawili wa mtaani kwetu wanaochangiana kila mwezi, na mama alikuwa amemwahidi mwanawe kwamba akifaulu Kidato cha Sita fungu moja litakuwa lake. Mchezo wa mama ukalipie mchezo wa mwana; tulicheka sana mimi na mdogo wangu, mama alitabasamu tu. Zamu ikipita, inarudi baada ya mwaka.

Mimi si fundi. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kitu nilichofundishwa kufanya nikipewa maandishi ni kuuliza nani aliyaandika, lini, na alikuwa anamwandikia nani. Orodha ya vifaa ni maandishi. Hata zile namba ambazo mdogo wangu alizitegemea kuipanga ni maandishi. Nikaamua kwanza nitafute swali lake lilitoka wapi.

Doom ya kwanza ilitoka Desemba 1993. Ilitaka prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4, ingawa aliyetaka kuicheza vizuri alihitaji 486. Kuhukumu kompyuta wakati huo hakukuwa kugumu: uliangalia jina la prosesa na kasi yake kwa megahezi. Doom ilipiga hesabu zake kwa namba kamili, kazi ambayo kila prosesa ya siku zile iliiweza kwa kadiri ya kasi yake. Megahezi zikiongezeka, gemu linakwenda haraka zaidi. Watu wakazoea hivyo.

Mazoea hayo ndiyo yaliyowaponza wanunuzi wa mwaka 1996, na hapa ndipo nilipokaa usiku mzima.

Mwaka ule kampuni ya Cyrix ilikuwa ikiuza prosesa iliyoitwa 6x86. Ilikuwa nafuu kuliko Pentium ya Intel na, kwa kazi nyingi, ilikuwa nzuri kweli. Shida ya Cyrix ilikuwa kwamba prosesa yake ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila megahezi, na mnunuzi aliyezoea kulinganisha megahezi asingeliona hilo. Basi Cyrix na wenzake, AMD na IBM wakiwemo, wakaanzisha namba nyingine. Prosesa iliyokwenda megahezi 133 iliandikwa "P166+", maana yake inalingana na Pentium ya 166 au kuizidi. Namba hiyo haikuwa uongo. Ilitokana na kipimo kilichoitwa Winstone, na Winstone ilikuwa ikiendesha programu za ofisini: kuandika barua, kujumlisha majedwali, kutunza kumbukumbu. Kwa karani wa ofisi, P166+ ilistahili jina lake.

Juni 1996 ikaja Quake, kutoka studio ileile ya Doom, id Software. Ulimwengu wa Quake ulikuwa wa pande tatu kwelikweli, na ili kuta zisionekane zimepinda, lazima kupiga hesabu ya kugawanya kila baada ya hatua fulani kwenye mstari wa picha. Michael Abrash, aliyefanya kazi na John Carmack kuiharakisha injini hiyo, alijua kwamba Pentium inaweza kuanza kugawanya namba za desimali na, jibu likisubiriwa, ikaendelea kuchora pikseli kwa namba kamili. Hivyo Quake iligawanya mara moja kwa kila pikseli 16, na kwenye Pentium gharama ya kugawanya ilikuwa karibu imefichwa yote. Gemu lilikuwa limeshonwa kwa vipimo vya mwili wa prosesa moja.

Kwenye 6x86 nguo hiyo haikukaa. Sehemu yake ya hesabu za desimali ilikuwa dhaifu, na katika Quake P166+ iliachwa nyuma na Pentium zilizoandikwa namba ndogo kuliko yake. Namfikiria kijana wa wakati ule aliyejikusanyia fedha, akasoma namba kwenye boksi, akanunua, akarudi nyumbani na gemu linakwenda kama mzee anapanda ngazi. Mwuzaji hakumdanganya, ila namba ilikuwa imejibu swali la mtu mwingine. Novemba 1997 Cyrix ikaingia mikononi mwa National Semiconductor. Quake peke yake haikuiua, lakini iliwapa wachezaji sababu ya kutoiamini.

Quake ilileta dawa pamoja na ugonjwa. Ndani yake kulikuwa na amri ya "timedemo", iliyorudia mchezo uliokwisha rekodiwa kwa kasi yote ambayo mashine ingeweza, kisha ikatoa wastani wa fremu kwa sekunde. Sasa ungeweza kupima gemu kwa gemu lenyewe. Kadi ya Voodoo ya 3dfx ilipoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka huohuo, na toleo la Quake lililoweza kuitumia likafuata mapema 1997, wastani huo ndio uliotumika kuipigia debe. Majarida yakaushika. Kwa zaidi ya miaka kumi, kusema kompyuta inabeba gemu fulani kulimaanisha kutaja fremu kwa sekunde.

Nitaipita haraka Crysis ya mwaka 2007, ingawa ndiyo iliyowapa wachezaji utani wao mkubwa: ukitaja kompyuta yoyote, mtu anakuuliza kama inaibeba. Crytek waliijenga wakitarajia kasi ya kiini kimoja cha prosesa iendelee kupanda, wakati Intel tayari Oktoba 2004 ilikuwa imeifuta Pentium 4 ya gigahezi 4 na kuelekea kwenye viini vingi. Ndiyo maana kompyuta mpya za miaka mingi baadaye bado zilitokwa jasho.

Mwaka huohuo Microsoft waliweka ndani ya Windows Vista kipimo cha kila kompyuta, alama kutoka 1.0 hadi 5.9. Mimi nakitetea, ingawa wengi walikibeza. Alama ya jumla haikuwa wastani: ilikuwa alama ya kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiwa na prosesa ya 5.5 na kadi ya picha ya 2.1, kompyuta yako ni 2.1. Nyumbani kwetu tunapika kwa jiko moja la mkaa, na haijalishi una masufuria mangapi.

Wastani wenyewe ulisubiri hadi Septemba 2011 kuulizwa maswali. Scott Wasson wa The Tech Report aliandika makala akiingia ndani ya sekunde moja, akipima kila fremu ilichukua milisekunde ngapi. Chukua mfano wangu: fremu 50 zinazochukua milisekunde 10 kila moja, kisha fremu moja inayochukua milisekunde 500. Hiyo ni sekunde moja na fremu 51. Kwenye jedwali la jarida inapendeza. Mchezaji ameona picha imeganda nusu sekunde na adui amemmaliza. Anayesubiri daladala Mbagala analijua hili bila jedwali: magari sita kwa saa ni sawa, ila yote sita yakija kwa mkupuo mmoja, umesimama juani muda wote uliobaki.

Saa tisa usiku nikairudia orodha ya mdogo wangu. Prosesa Ryzen 5 3600, RAM gigabaiti 16, SSD, pawa saplai ya wati 600, na kadi ya picha GTX 1080 Ti iliyotumika. Kadi hiyo ilitoka Machi 2017, ina kumbukumbu ya gigabaiti 11, na katika gemu nyingi za zamani inaishinda RTX 2060 Super ya mwaka 2019 yenye gigabaiti 8. Alikuwa ametazama majedwali, akalinganisha wastani, akachagua kubwa. Kazi safi. Ningekuwa mwalimu wake ningempa alama.

Lakini gemu alilolitaka zaidi lilikuwa Indiana Jones and the Great Circle, la Desemba 2024. Gemu hilo halikubali kadi isiyo na sehemu maalumu ya kufuata njia za miale ya mwanga, na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 imefuata njia hiyohiyo. GTX 1080 Ti haina sehemu hiyo. Gigabaiti zake 11 hazisaidii kitu. Kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji ni RTX 2060 Super, ileile aliyoidharau. Nilimwandikia: "Kadi uliyochagua ni P166+." Akajibu kwa alama za kuuliza tatu. Nikampigia asubuhi nikamsimulia kisa chote, naye akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa historia yangu yoyote.

Jumamosi tulikwenda wote Kariakoo. Mama alikuwa amemkabidhi fedha kwenye bahasha, na yeye aliishika mfukoni njia nzima. Duka lilikuwa na RTX 2060 Super iliyotumika, feni mbili, safi. Tuliomba iwashwe, ikawashwa. Juu ya kaunta kulikuwa na karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuhesabu noti fundi alipomwuliza kadi inakwenda kwenye keisi gani. Tulikuwa tumekuja nayo, imefungwa kwenye kitenge. Keisi ya kompyuta iliyokufa ya mjomba, tuliyopewa bure. Fundi akaifungua, akatoa futi ya mshonaji, akapima kutoka nyuma hadi kwenye kizimba cha diski. Kisha akailaza kadi pembeni.

Ilizidi kwa vidole viwili.

Mdogo wangu akanigeukia, noti bado mkononi. "Dada, hii nayo ipo kwenye historia?"

Fundi alikuwa ameshachukua bisibisi, anaangalia kama kizimba kinafunguka.