Mafundi wa Mkunazini

Huku kwetu Tarime, ukumbi wa parokia ukijengwa kwa michango, kila kitu huandikwa: nani kaleta saruji, nani katoa ng'ombe, nani kajitolea kusomba mchanga. Jina la mtu likirukwa, manung'uniko hayaishi. Ndiyo maana nikisoma historia ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, hujiuliza daftari lao liko wapi.

Habari za wakubwa tunazo. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alikubali masoko ya watumwa yafungwe. Wamisionari wa UMCA wakapata kiwanja cha soko, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Krismasi ya 1877 watu wakasali humo kwa mara ya kwanza, jengo likiwa bado halijakamilika.

Aliyesimamia kazi ni Edward Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu 1874. Sisi wasomaji tunamjua kwa jambo jingine pia: alikusanya hadithi za Waswahili na kuzichapisha 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, kisha akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Kumbe mtu huyohuyo ndiye aliyeng'ang'ania paa la kanisa liwe la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, limepinda kama pipa lililopasuliwa katikati. Wengi walisema litaanguka. Mpaka leo lipo. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Sasa, mafundi je? Kujenga kwa matumbawe na chokaa ulikuwa ujuzi wa pwani karne nyingi kabla meli ya misheni haijatia nanga. Steere hakuja nao kutoka Uingereza, aliukuta. Lakini ukiingia kanisani utasimuliwa habari moja tu ya mafundi: kwamba askofu alisafiri, nao wakasimamisha nguzo kadhaa miguu juu, kichwa chini. Watalii hucheka, wanapiga picha, wanaendelea.

Tuseme ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyezoea nguzo nene za mraba za pwani anapewa nguzo za mtindo wa Ulaya, mwenye ramani hayupo. Hilo ni kosa la nani hasa? Na ni nani waliopandisha zege lile juu, ndoo kwa ndoo, likakaa hadi leo? Kwa hilo hawatajwi. Yaani paa lililosimama ni la askofu, nguzo zilizopinduka ni za mafundi.

Pale ambapo watu waliuzwa kwa bei bila kuulizwa majina, kuwasahau wajenzi ni jambo zito zaidi kuliko kwingine. Majina yao huenda hatutayapata tena. Ila tunaweza kuacha kuwakumbuka kwa nguzo tu. Ukifika Mkunazini, ukishaonyeshwa nguzo, inua macho uangalie paa.