Tanga la Mkeka na Tanga la Pembe Tatu

Mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo misumari ya chuma. Mlingoti wake ulikuwa mmoja, na tanga lake mkeka wa mraba. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa tangu karne ya 1, katika habari za Rhapta zilizoandikwa kwa Kiyunani. Tanga la mraba liliufaa mwendo wa misimu: kaskazi ikivuma chombo kilishuka kusini, na kusi ikishika kilirudi, upepo ukiwa tezi. Kubisha ndiko kulikokuwa kazi.

Madau ya Lamu ya leo yana tanga la kitambaa, la pembe tatu. Badiliko hilo si dogo kama wadhanivyo watu wa bara. Tanga la pembe tatu hutaka foromali ndefu, iliyopandishwa kwa mshazari, na mlingoti ulioinama kidogo kuelekea omo. Na kila chombo kigeuzwapo, foromali haina budi kuhamishwa upande wa pili wa mlingoti. Faida yake ni kwamba chombo huweza kuukaribia upepo wa mbele. Mtepe haukufuata njia hiyo. Ulishika mkeka wake hata ulipotoweka katika miaka ya 1930.

Sasa lugha. Tanga na kamba ni maneno ya Kibantu. Demani, kamba ya kuongozea tanga, imetoka kwa mabaharia wa Uajemi na Arabuni. Wako wanaokata shauri kwa haraka kwamba chombo ni chetu na tanga la pembe tatu ni la wageni. Hoja hiyo ni dhaifu. Jina geni laweza kukipata kitu cha zamani, na kitu kigeni chaweza kuitwa kwa jina la nyumbani: tanga la kitambaa liliitwa tanga vilevile, kama mkeka ulivyoitwa.

Mwanafunzi wa Mbulu au Hanang, ambaye maji ayajuayo ni Basotu na Balangida, na hilo la pili hukauka kiangazi, hulikuta neno foromali katika kamusi ya Johnson ya 1939 likielezwa kuwa mti wa tanga. Tanga lipi, haambiwi. Maneno ya mtepe yakusanywe Faza na Lamu, kila neno pamoja na aina ya tanga lililotumika nalo.