Archie Mafeje: Cape Town ilimkataa, Mlimani ikampokea

Mwaka 1968 baraza la Chuo Kikuu cha Cape Town lilimteua msomi wa Afrika Kusini Archie Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia. Serikali ya Makaburu haikutaka Mwafrika apewe kazi hiyo, ikatoa vitisho. Baraza likanywea, likafuta uteuzi. Agosti, wanafunzi wapatao 600, wengi wao Wazungu, wakaingia jengo la utawala la Bremner na kukataa kutoka. Baadhi walikaa humo siku tisa. Baraza halikugeuka.

Na Mafeje hakuwa mgeni hapo. Mzaliwa wa Ngcobo mwaka 1936, alisoma chuo hicho hicho, na mwalimu wake, Monica Wilson, ndiye aliyemtuma kufanya utafiti Langa, mtaa wa Waafrika pembezoni mwa jiji. Alizungumza na watu kwa Kixhosa, akafuatilia nani anaambatana na nani: kanisani, kwenye timu za raga, kwenye mabweni ya vibarua ambako waliotoka kijiji kimoja walikaa chumba kimoja. Kitabu kuhusu Langa kilitoka mwaka 1963 kwa majina ya wote wawili.

Baada ya masomo Cambridge, Uingereza, na utafiti kuhusu wakulima wakubwa wa Buganda, akaja Dar es Salaam mwaka 1969 kuongoza Idara ya Sosholojia ya Chuo Kikuu, Mlimani. Ilikuwa Mlimani ya mwanahistoria Walter Rodney na mijadala mikali ya Ujamaa.

Mwaka 1971 ikachapishwa makala yake maarufu, inayopinga mazoea ya kueleza kila mgogoro wa Afrika kwa neno ukabila. Kuipenda lugha na mila za kwenu, alisema, si kosa. Kosa ni la mkubwa anayekaa mji mkuu, anayeshikilia madaraka kwa jina la damu moja, huku akiwanyonya hao hao anaowaita ndugu. Sijasoma maelezo ya siasa zetu yaliyo wazi kuliko hayo.

Mwaka huo huo alipata ajali mbaya ya gari, akaondoka kwenda Uholanzi. Baadaye alifundisha Cairo na Namibia. Cape Town ilipomwomba radhi mwaka 2003, hakuijibu. Alifariki Pretoria Machi 2007.

Wahadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, mpeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza makala ile aisome kabla ya uchaguzi ujao.