Jina Jipya, Chipu Ile Ile

Watu wangu, leo tuongee historia, lakini naanzia kwa kompyuta.

Hapa Matulo, Kuka alikuwa akisema "Broderick Falls" akimaanisha Webuye. Jina lilibadilishwa baada ya uhuru, lakini maporomoko ya Nzoia hayakusonga hata hatua moja. Panpaper nayo iliuzwa 2016, ikaitwa Rai Paper. Sisi tumezoea vitu kubadilishwa majina.

Sasa, mwaka jana nilinunua seva ya mtumba pale Kitale. Naweka humo video zangu za wazee wakisimulia vita vya Chetambe vya 1895. Baadhi yao tumeshawazika. Faili zikipotea, hakuna wa kumrudia na maswali.

Kadi ya kuendesha diski ilikuwa na jina Dell PERC H310. Nilipoiambia kompyuta iisome, ikanijibu: LSI SAS2008. Kumbe! Chipu hiyo hiyo IBM waliiuza kwa jina ServeRAID M1015, na LSI wenyewe kama 9211-8i. Tofauti kubwa ni famuwea, ile programu iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe. Ikiwa na famuwea ya Dell, H310 inaweka maombi 25 tu kwa foleni. Ikipewa ya LSI, inafika karibu 600. Chuma ni kile kile, jamani.

Sasa fuata ukoo. LSI ilinunuliwa na Avago 2014. Avago ikanunua Broadcom 2016, ikachukua hilo jina. IBM nao 2014 waliuzia Lenovo biashara yao ya seva za x86. Kwa hivyo ukitafuta famuwea ya kadi kuukuu, unauliza kama mtu anayetaka kuoa: huyu ni wa ukoo gani, na mama yake alitoka wapi?

Na ni 2014 hiyo hiyo HP ilipotangaza kwamba BIOS mpya za seva za ProLiant zitakuwa za wenye waranti au mkataba wa huduma. Famuwea za iLO na za kadi ziliachwa wazi. Kwa kampuni kubwa Nairobi hilo si neno. Lakini seva ikifika kwa mtu wa tatu huku kwetu, waranti ilikufa zamani.

Hapo ndipo mimi nakataa. Koti la mtumba ukishalilipia ni lako. Ukitaka kubadilisha vifungo, humwombi mtu ruhusa. Seva unalipia chuma, halafu ufunguo unabaki kwa muuzaji wa kwanza, ambaye hata hajui Matulo iko wapi. Mali ya namna hiyo ni yako nusu.

Kama unataka kubadilisha famuwea, andika kwanza anwani ya SAS iliyo kwa kibandiko cha kadi. Hifadhi nakala ya famuwea ya zamani. Tumia UPS, maana stima ikipotea katikati, kadi inaweza kufa. Mimi nilingoja usiku, jirani azime mashine ya posho, ndio stima itulie.

Ilipowaka tena nilifungua faili ya kwanza. Kuka akakohoa, akaanza: "Hapa zamani tulipaita Broderick Falls..."