Neno «Robusta» Lilitoka Wapi?

Kila mkulima wa kahawa katika inchi yetu anajua maneno mawili: arabika na robusta. Katika milima ya Kivu watu wanalima arabika. Katika inchi za chini zenye joto, kama Uele na Ubangi, wanalima robusta. Lakini ukiuliza: «Robusta maana yake nini, na nani aliyetoa jina hilo?» wengi wananyamaza. Basi tulitazame.

Wanaojifunza Kilatini watalitambua upesi. Robur ni mti wa Ulaya wenye ubao mgumu sana. Kisha Warumi wakaita robur nguvu yenyewe, na mtu mwenye nguvu wakamwita robustus. Na kwa sababu Coffea, jina la kahawa katika vitabu vya elimu ya mimea, ni neno la kike, sifa yake ni robusta. Maana yake: kahawa yenye nguvu.

Jina ni la Roma, lakini mti ni wa kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, Émile Laurent, profesa Mbelgiji, alitembea Kongo akichunguza mimea. Pande za Lusambo, karibu na mto Sankuru, alikuta kahawa ya msitu. Mbegu zilifika Brussels, kwa mfanyi biashara wa miche aliyeitwa Linden. Mwaka 1900 hivi Linden alianza kuiuza kwa jina la Coffea robusta. Wenye elimu walikuwa wameandika aina hiyo tangu mwaka 1897 kwa jina la Coffea canephora, neno la Kigiriki, maana yake «mbeba kikapu». Jina hilo ndilo la haki vitabuni hata leo. Lakini sokoni jina la mchuuzi lilishinda.

Lilishinda kwa sababu gani? Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana Ceylon, ukaharibu mashamba ya arabika, kisha ukafika hata Java. Wakulima wa huko walitafuta mti usiokufa upesi. Mwaka 1901 hivi miche ya Linden ilifika Java, ikastahimili ugonjwa. Hapo jina lilionekana kuwa kweli. Baadaye mbegu zilizochaguliwa Java zilirudishwa Afrika ya kati. Hivi mtoto wa msitu wetu alirudi nyumbani na jina la kigeni.

Tukumbuke basi kwamba jina laweza kusema kweli na kuficha kweli. Mwaka 1753 Linnaeus aliita kahawa nyingine arabica, kana kwamba kwao ni Arabuni. Kumbe asili yake ni Ethiopia. Robusta nalo linasifu nguvu, halisemi neno la Kongo. Tena nguvu ile ina mpaka. Ugonjwa wa kunyauka, unaoziba njia za maji ndani ya mti, uliua robusta nyingi kaskazini-mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1980, na mwaka 1993 ulionekana Uganda. Mkulima aliyetegemea jina tu, bila kung'oa na kuchoma miti migonjwa, alipoteza shamba lake.

Wachuuzi wanaipa robusta bei ndogo, kwa sababu ni chungu kuliko arabika. Wanaiona kama ndugu mdogo. Lakini wenye elimu ya mimea wamechunguza ukoo wa miti hiyo, wakaona jambo la ajabu: arabika ilizaliwa zamani sana kwa kuchanganyika aina mbili, na moja yao ni canephora, yaani aina ile ile ya robusta. Basi anayeitwa mdogo ni mzazi. Jina halikutuambia hayo, ilitubidi kuuliza.